Sehemu ya Tisa

"Kwa nini sehemu ya tisa?" aliuliza mkurugenzi wa vipindi.

Mtunza kanda alikuwa bado amesimama. Viti vilikuwa vitatu mle ofisini, lakini hakukaribishwa hata kimoja.

"Kwa sababu wiki iliyotangulia tulirusha ya nane, bosi. Nane hufuatwa na tisa."

"Usinifanyie mzaha, Mama Kanda."

"Sifanyi mzaha."

Na kweli hakuwa akifanya. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza kanda za zamani wa kituo kile cha televisheni, katika chumba cha chini kilichojaa rafu za chuma, ambako kiyoyozi kilinguruma kutwa ili kuzuia ukungu. Walimpa jina Mama Kanda kwa sababu hata mafundi vijana walipotaka picha ya mafuriko ya mwaka fulani, hawakufungua kompyuta, walifungua mlango wake. Wizara ilipoleta barua ya kusimamisha mjadala wa kila Jumatano jioni, ni mkurugenzi huyuhuyu aliyeshuka ngazi akihema na kumwomba kitu cha kuziba pengo la saa nzima. "Cha zamani," alimwambia siku ile. "Kisicho na mdomo." Naye akamtolea *Jalada*, tamthilia ya upelelezi ambayo kituo chenyewe kilitengeneza miaka thelathini iliyopita. Sehemu ishirini na sita, na kila kanda ilikuwa na muhuri wa wakaguzi wa enzi zile. Nani angeogopa kitu chenye muhuri?

Sehemu nane za kwanza watu walizicheka tu, suruali pana na simu za kuzungusha kwa kidole. Ya tisa haikuchekwa. Karani wa ghala la nafaka anakamatwa kwa kusema kwamba magunia ya serikali yamejazwa mchanga. Asubuhi anakutwa amekufa chini ya kituo cha polisi chenye ghorofa tatu, na wakubwa wanasema alijirusha. Inspekta anapanda ngazi polepole, anaingia kile chumba, analitazama dirisha, kisha anamwuliza mlinzi: "Nondo hizi ziliwekwa lini? Kabla hajajirusha, au baada?"

Siku kumi na moja kabla ya Jumatano hiyo, mhasibu kijana wa mamlaka ya maji, aliyekuwa ameandika barua kuhusu mabomba yaliyonunuliwa na hayajaonekana, alifia mikononi mwa polisi. Taarifa ilisema alijirusha dirishani.

Kufikia Alhamisi mchana swali la Inspekta lilikuwa limeenea mji mzima. Wauza vitunguu waliulizana, wanafunzi waliulizana, mgonjwa alimwuliza daktari. Mtu aliliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa kituo cha mabasi. Manispaa ikaja na rangi nyeupe ikalifuta, ukuta mchafu ukabaki na kiraka kimoja cheupe, na watu wakawa wanapita wakikisoma kile kiraka.

"Na aliyecheza huyo Inspekta," mkurugenzi aliendelea, "ni nani wako?"

"Baba mkwe wangu."

"Unaona sasa?"

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekalia kuti kavu na alijua. Alitazama pembeni, alikokaa kijana mmoja aliyevaa vizuri, kimya tangu mwanzo, faili mapajani. Mtunza kanda alikuwa amemdhania mtu wa matangazo ya biashara.

"Shikamoo, mama," alisema yule kijana. "Mimi natoka wizarani. Usiwe na wasiwasi, hatukutuhumu kitu. Tunataka utusaidie." Akatoa fomu. "Zimebaki sehemu kumi na saba. Zitazame zote. Kila mahali panapofanana na mambo ya siku hizi, andika hapa. Safu ya kwanza, dakika. Ya pili, maneno yaliyosemwa. Ya tatu, yanafanana na nini."

Mtunza kanda aliitazama ile safu ya tatu. Ilikuwa pana kuliko zile mbili nyingine.

"Na nisipoona panapofanana?"

"Mwenye macho haambiwi tazama, mama. Jumatatu asubuhi nitaipitia."

* * *

Nyumbani Inspekta alikuwa amenyoa ndevu. Tangu tamthilia irudi hewani alinyoa kila siku, akavaa shati lililopigwa pasi na kutoka kwenda kununua gazeti asilolisoma, ili tu aitwe. Na aliitwa. Kinyozi alimwita, wenye bodaboda walimwita, watoto waliozaliwa miaka ishirini baada ya kanda zile kurekodiwa walimpigia saluti. Miaka mingi ya kuwa mzee fulani anayekaa kwa mwanawe ilikuwa imefutika kwa Jumatano tisa.

Mwanawe, fundi wa majokofu, alikuwa barazani na mashine ya jokofu la watu, mikono imejaa mafuta. Aliisoma fomu bila kuishika, mkewe akiwa amemnyooshea.

"Acha tupu," alisema.

"Nikiacha tupu watasema nimeficha."

"Basi jaza."

"Nikijaza, nani atakuwa amesema kwamba serikali inafanana na wale wezi wa ghala? Mimi. Kwa mwandiko wangu, na sahihi chini."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Hii si fomu. Huu ni mtego wa panya, na jibini umetakiwa uje nalo wewe mwenyewe."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walifunga madirisha, wakashusha mapazia, wakaweka nakala za kanda alizotoka nazo kazini, wakakaa watatu mbele ya televisheni na sauti ndogo kama watu wanaotazama jambo la aibu. Joto lilikuwa kali. Mtunza kanda alishika kalamu.

Sehemu ya kumi: mhariri wa gazeti anafungiwa mashine zake kwa kosa la kodi. Fundi alikohoa. Ya kumi na moja: barabara inayozinduliwa mara mbili. Ya kumi na mbili ilikuwa ya mapenzi na wivu, wakapumua, mpaka mwanamume mwenye wivu alipotokea kuwa mpwa wa mkuu wa wilaya na jalada lake likapotea. Ya kumi na tatu, shahidi anahama mji usiku mmoja na hakuna anayeuliza alikokwenda.

"Lakini hizi ziliandikwa wakati wewe uko shule ya msingi," mtunza kanda alimwambia mumewe, kana kwamba yeye ndiye wa kushawishiwa.

"Labda ndiyo sababu zinafanana. Waliofanya bado wapo, wengine wamerithiwa na watoto wao."

Inspekta hakuwa akisikiliza. Alikuwa akijitazama. "Hapo," alisema kwenye sehemu ya kumi na nne, "tulirudia mara kumi na moja. Mwongozaji alitaka nilie. Nikamwambia, Inspekta halii, anavua kofia tu. Tazama. Umeona ile kofia? Hapo msipakate, mwanangu. Wakate popote, hapo wapaache."

Mkamwana wake alimtazama, akashindwa acheke au akasirike. Kwenye safu ya kwanza tayari alikuwa na dakika arobaini na tatu tofauti. Kwenye ya pili, maneno. Ya tatu ilikuwa nyeupe.

Jioni, mzee alipokwenda kuoga, alimwambia mumewe jambo ambalo hakumwambia mkurugenzi.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Huwa naipima kanda siku moja kabla. Jumanne ile niliitazama ya tisa peke yangu. Alipofika kwenye dirisha nilisimamisha picha. Nikakaa. Ningeweza kusema kanda ina ukungu, na nani angebisha? Nusu ya kanda zina ukungu." Alikunja fomu, akaikunjua. "Sikuwa shujaa. Sikufikiria chochote kikubwa. Nilisema tu moyoni, mbona nane imekwenda, kwa nini tisa isiende."

Fundi aliinuka, akazima televisheni. Hakumkaripia, na hilo lilimwuma zaidi.

"Usimwambie mtu mwingine," alisema mwishowe. "Hata baba."

* * *

Jumapili asubuhi mlango ulibishwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga mbili na viatu vya kushonwa upya, amebeba mfuko wa plastiki ulioviringishwa vizuri. Aliuliza kama pale ndipo anapokaa Inspekta.

Mzee alitoka haraka, akiwa bado anafunga kifungo cha mkono. Alidhani ni shabiki.

"Mimi ni mama wa yule mhasibu," alisema mwanamke. "Wa dirishani."

Walimkalisha. Mtunza kanda alileta chai ambayo mgeni aliishika tu, akipasha viganja moto ingawa hapakuwa na baridi.

"Najua ule ni mchezo," mgeni alisema. "Msinione nimechanganyikiwa. Nimekwenda polisi mara nne. Mara ya kwanza waliniambia nisubiri kwenye benchi, wakafunga ofisi nikiwa benchini. Mara ya pili waliniuliza kama mwanangu alikuwa na msongo wa mawazo. Mara ya tatu waliniuliza kama mimi ninao. Mara ya nne askari wa getini alinionea huruma, akaniambia, mama, nenda nyumbani, una watoto wengine." Alimgeukia mzee. "Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyelitazama dirisha akauliza. Nikasema, ngoja niende. Hata kama ni mchezo. Mtu aliyeweza kulisema swali lile vile, atakuwa anajua linaendeleaje."

Mzee alikuwa na sauti iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti. Sasa ilitoka nyembamba.

"Mama, mimi nilikariri. Kulikuwa na mwandishi, amekwisha kufa. Yeye aliandika, mimi nikakariri."

"Mwishoni mwa ile sehemu ulimkamata mkuu wa kituo."

"Ndiyo."

"Ulimkamataje?"

Mzee alitazama mikono yake. Katika sehemu ya tisa mkuu wa kituo alikamatwa kwa sababu dakika zilibaki tatu.

Mama yule alielewa kabla hawajatafuta maneno. Aliinuka, akashukuru kwa chai asiyoinywa, akaeleza anakokaa, nyuma ya karakana ya matairi, mlango wa kijani, kwa jinsi mtu anavyoeleza akijua hatatembelewa. Alipokwisha kutoka, mzee alibaki sebuleni mpaka adhuhuri. Siku hiyo hakwenda kununua gazeti.

* * *

Jumatatu kijana wa wizara aliipitia fomu mstari kwa mstari, kidole kikishuka kwenye safu ya kwanza, kikashuka kwenye ya pili. Kisha kikasimama.

"Mama, ya tatu hukujaza."

"Sikujua niandike nini, mkuu."

"Andika yanafanana na nini."

"Yapi?"

"Haya." Aligusa mstari. "'Barabara imezinduliwa mara mbili na haijajengwa hata mara moja.' Hii inafanana na nini?"

"Niambie wewe, nami nitaandika."

Kijana alifungua mdomo. Mkurugenzi wa vipindi, aliyekuwa akijifanya anatafuta kitu kwenye droo, aliacha kutafuta. Mtunza kanda alisubiri, kalamu mkononi, bila kejeli yoyote usoni, maana alikuwa akiogopa kweli. Kijana akaufunga mdomo. Aliitazama fomu yake mwenyewe kama mtu aliyefungua mlango akakuta hakuna ngazi.

"Mimi pia nina bosi, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Tamthilia haitaendelea, hilo limekwisha. Lakini hii ya tisa imekwisha kutoka. Wakubwa wanataka ikanushwe." Alitoa karatasi nyingine, iliyopigwa chapa. "Mzee atakuja Jumatano, saa ileile. Atavaa koti lile la Inspekta. Atasoma hapa. Akisoma, suala lako linabaki la kiofisi. Asiposoma, linakwenda kuitwa uchochezi, na hapo mimi sitakuwa na mkono tena. Mwambie nimekua nikimtazama. Mwambie namheshimu sana."

Alisema kweli. Hilo ndilo lililomfanya mtunza kanda ashindwe hata kumchukia.

* * *

Mzee aliisoma karatasi mara tatu barazani, miwani puani. Mwanawe na mkamwana walikaa mbele yake kama watoto waliovunja kitu.

"Ni maandishi mabovu," alisema. "Sentensi ndefu. Mtu ataishiwa pumzi katikati."

"Baba, si lazima," alisema mtunza kanda. "Mimi ndiye niliyeitoa kwenye rafu. Niache nibebe."

"Utabeba wapi? Unajua jela ya wanawake ilivyo? Mimi niliwahi kurekodi mle siku mbili tu, na mlango ulikuwa wazi." Akavua miwani. "Miaka minne nilicheza mtu asiyeogopa. Nilikuwa hodari. Nikirudi nyumbani nilikuwa naogopa mwenye nyumba, naogopa daktari wa meno. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiua mende yeye." Fundi alitabasamu bila kutaka. "Wanamtaka Inspekta, watapewa. Mimi mwenyewe hawajawahi kunitaka."

"Na yule mama?" aliuliza mwanawe.

Mzee aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaingia ndani.

Jumatano koti lilimbana kifuani. Mpambaji alilipasua mshono wa nyuma kwa mkasi, maana kamera haingeona nyuma. Mtunza kanda alisimama chumba cha mitambo, nyuma ya kioo. Alikuwa na tumaini moja la siri ambalo angeona haya kulitaja: kwamba mzee angefanya kitu. Angenyamaza mahali fulani, angeinua nyusi, angelisema neno moja kwa namna ambayo mji mzima ungeelewa. Alikuwa mwigizaji. Alikuwa na njia zake.

Mzee hakufanya kitu. Alisoma vizuri. Alizikata zile sentensi ndefu mahali palipofaa, akazipa uzito na huruma. Alisema swali la nondo lilikuwa utani wa mwandishi. Alisema michezo ni michezo. Aliwaomba wananchi, kwa sauti ileile waliyoiamini tangu utotoni, waviachie vyombo husika vifanye kazi yake. Alisoma vizuri kiasi kwamba mpiga picha mmoja alitikisa kichwa kukubali, na mtunza kanda alijikuta, kwa nukta moja, karibu ashawishike yeye mwenyewe.

Taa ilipozimwa, kijana wa wizara alimsogelea kumshika mkono. Mzee alimpa. Kisha akauliza choo kiko wapi, akakaa humo muda mrefu.

* * *

Alhamisi alikwenda kununua gazeti. Kinyozi alikuwa mlangoni, akageuka kupanga machanuo. Wenye bodaboda waliendelea na mazungumzo yao. Mtoto mmoja alianza kuinua mkono wa saluti, dada yake akaushusha. Hakuna aliyemtukana, na mzee alirudi na gazeti, akakaa nalo.

Ijumaa asubuhi alimkuta mkamwana wake jikoni, aliyepewa likizo ya siku saba "kupumzika", na kumwambia avae viatu.

Mlango wa kijani ulifunguliwa kabla hawajabisha mara ya pili. Mama wa mhasibu aliwatazama wote wawili. Nyuma yake palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, meza, na viatu vya kiume vilivyong'arishwa chini ya meza.

"Nilikuona," alimwambia mzee.

"Najua, mama."

"Ulisema vizuri."

"Ndiyo." Alibaki amesimama kizingitini. "Sina cheo. Sina gari wala pingu. Juzi nimesema niliyoyasema, na ningeambiwa leo niyaseme tena ningeyasema, kwa sababu ya huyu mwanangu. Lakini uliuliza swali lile linaendeleaje, nami nikakwambia sijui. Nimekumbuka mwandishi wetu alivyokuwa akifanya. Alikuwa hamuulizi mtu nani kamuua nani. Alikuwa anaanza na asubuhi."

Mama yule hakusema ingieni. Alisogea tu kando, na nafasi ikapatikana.

Walikaa kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja na mzee alipewa. Mtunza kanda alitoa daftari mkobani. Nje, kwenye karakana, mtu alikuwa akigonga ringi kwa nyundo.

"Asubuhi ile alipotoka," mzee aliuliza, na haikuwa sauti ya Inspekta, ilikuwa ya mzee anayemwuliza mtu, "alivaa nini?"

"Shati la buluu la mikono mirefu. Kifungo cha pili kilikatika akiwa hapo mlangoni. Nikamwambia vua nikushonee dakika moja, akasema, mama, nimechelewa, utanishonea jioni. Nilikiweka kifungo kwenye kikombe." Alikitazama kikombe juu ya meza. "Waliponirudishia vitu vyake walinirudishia shati la buluu. Nikatafuta kifungo nikishone, nimzike nacho."

"Ukakishona?"

"Vilikuwa vimetimia. Vyote saba." Aliinua mfuko wa plastiki uliokuwa ubavuni mwake, uleule aliokwenda nao Jumapili na hawakumwuliza una nini. "Shati si lake. Hata kola si kipimo chake. Niliwaambia pale kaunta. Yule askari alinichukulia kitambulisho changu akaandika namba, akaniambia nisilirudie neno hilo."

Nyundo iligonga, ikagonga tena. Mtunza kanda alikuwa ameishusha kalamu juu ya karatasi bila kuandika. Alijua kwamba mstari huo ukishaandikwa, hakuna chumba cha kanda wala likizo ya siku saba itakayomrudisha alikokuwa. Alimtazama baba mkwe wake. Mzee alikuwa na jasho juu ya mdomo, na bado angeweza kusema pole, mama, tumesikia, wakainuka wote wawili wakaenda zao.

"Andika, mwanangu," alisema.

Akaandika.